Koti la Ukoo wa Tournevigne

Jumatatu, 5 Mei 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utapumzika lini. Alitazama dirishani. Daktari akitazama dirishani, mgonjwa aanze kuungama.

Basi, hili ndilo nililolificha miaka yote: jina Tournevigne si la ukoo wangu. Sina ukoo wenye jina! Sisi Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mimi ni Égide Niyongabo, baba yangu aliitwa jina lingine, kaka yangu lingine kabisa, na hatukuwahi kupoteana. Lakini kule kambini, mkoa wa Kigoma, siku ya usaili wa kuja Australia, ofisa aliwatazama wanangu watatu wenye majina matatu akauliza kama niliwaokota njiani. Alitaka jina moja la ukoo. Upesi. Foleni ilikuwa imefika kisimani. Nami nilikuwa natoka jasho ndani ya koti la mtumba. Nyuma ya kola palishonwa kitambaa cheupe chenye herufi nyekundu: TOURNEVIGNE. Jina la fundi cherehani, bila shaka. Nikalitamka kwa sauti ya darasani, maana nilikuwa mwalimu. Ofisa akaandika. Nikageuka nikamnong'oneza kaka yangu, naye akawanong'oneza wanawe, nao wakawanong'oneza wake zao. Ilipofika saa sita mchana, ukoo mzima ulikuwa umezaliwa.

(Koti nililipata kwa njia za kawaida. Tusilijadili.)

Hapa Sydney watu waliuliza. Ningesema nini? Kola? Nikasema ni jina adimu la makabaila wa Ufaransa. Kwamba mmoja wao alivuka Ziwa Tanganyika na piano, piano ikazama, akakaa ufukweni akilia, na mama wa bibi yangu akaenda kumbembeleza. Miaka ishirini nasimulia hivyo. Ile piano imeendelea kukua. Siku hizi ina vinara vya dhahabu.

Na leo, furaha! Akimana, mjukuu wangu anayeishi ndani ya simu yake, amepata tovuti inayohesabu majina ya ukoo dunia nzima. Tournevigne: Ufaransa, mtu mmoja. Australia, watu thelathini na wanne. Wote wetu! Makao makuu ya jina hilo duniani ni Toongabbie! Nikacheza. Binti yangu Goreth akasema, Baba, kaa chini, moyo huo. Nikakaa. Nikaendelea kuchezesha mabega.

Nilimpigia simu Balthazar papo hapo, ili imuume. Huyu ni Mkongo wa Uvira, anakaa St Marys. Tulikuwa kambi moja. Mimi nilimtangulia kupanda ndege. Alijibu kwamba jina lake lina watu maelfu, na kwamba jina lenye watu wachache ni kama hoteli isiyo na wateja: jiulize kuna nini jikoni. Kisha akaanza kunihesabia tena mali alizoibiwa kambini. Redio, jogoo, koti, sufuria yenye mfuniko. Nikampa pole. Nampa pole kila wiki.

Niseme wazi kwa nini namwogopa. Hakuna mazishi ya watu wetu kuanzia Blacktown hadi Penrith ambayo Balthazar hakushika maikrofoni. Na akishika, husema yote. Kwa marehemu Mugambi alieleza habari za mke wa Nakuru mpaka jeneza likaona haya. Akipata habari za kola, ataisimulia juu ya kaburi langu. Watu watacheka mpaka washikane mabega. Nami nitakuwa nimelala, siwezi kujibu!

Nataka kuzikwa kwa heshima. Sitaki kingine.


Jumanne, 6 Mei

Balaa. Yule mmoja wa Ufaransa ameandika.

Akimana alimtumia salamu bila kuniuliza. Ni mama mmoja aitwaye Odile Tournevigne, alikuwa na duka la dawa, amestaafu, hakupata watoto. Alidhani jina litakufa naye. Sasa amesikia kwamba liko hai, linakula wali Toongabbie. Amelia kwa furaha. Anakuja mwezi ujao kutuona. Anataka kujua tumetokea tawi lipi.

Tawi! La cherehani!

Mpango wa kwanza: kufa kwa muda. Nimelala, nimemwambia Goreth amwandikie kwamba Baba yuko mahututi, hawezi kupokea wageni. Goreth akasema asubuhi nilikula mayai matatu. Nikamwambia hayo ndiyo mayai ya mwisho. Akaandika, huku akipiga kite.

Jibu limekuja kabla ya chai ya jioni. Madame Odile amebadilisha tiketi. Kwa kuwa hali yangu ni mbaya, hatangoja mwezi ujao. Anafika Jumamosi hii.


Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa pili: ukale. Ukoo wa makabaila unahitaji nembo. Nimemwagiza Akimana achore ngao yenye simba, mzabibu na piano. Ameniuliza kwa Kiingereza, mimi nimeeleza kwa Kiswahili, na mahali fulani katikati simba ameumia. Amekuwa mbwa anayeomba mkate. Nilikuwa tayari nimeagiza fulana za ukoo mzima. Zimekuja leo, za njano. Goreth amecheka akaenda kucheka tena bafuni.

Lakini hilo si jambo kubwa la leo.

Mchana alikuja Irankunda, mjukuu wangu mkubwa, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja huko Penrith. Nahamia hapo Jumatatu, kwa sababu Goreth hawezi tena kuninyanyua bafuni. Irankunda ana mimba ya miezi saba na bado ananyanyua watu wazima kama mito. Alileta pasi na msokoto wa utepe. Akasema, Babu, leta nguo zako zote, hata za ndani. Kule nguo za wazee hufuliwa pamoja, kwa hiyo kila nguo lazima ibandikwe jina la mwenyewe. Isiyo na jina huvaliwa na mwingine, na kuna mzee amekuwa akitembea na suruali ya mjane tangu Pasaka.

Akakunjua utepe.

Vitambaa vyeupe. Herufi nyekundu. TOURNEVIGNE, TOURNEVIGNE, TOURNEVIGNE.

Nikaketi juu ya rundo la nguo. Yeye akadhani ni moyo, akanipima mapigo. Haukuwa moyo! Miaka yote nimedhani ni jina la fundi. Kumbe hakuna fundi anayejiandika hivyo. Kile kitambaa kilikuwa cha mzee kama mimi, katika nyumba kama ile, ambaye nguo zake zilifuliwa pamoja na za wengine. Nimevaa jina la mtu. Na binti wa huyo mtu, au mpwa wake, yuko njiani na begi.

Irankunda akaniuliza kama anaweza kumpa mtoto wake wa kwanza jina la ukoo wetu, kwa sababu ya historia yake. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?


Ijumaa, 9 Mei

Mpango wa tatu, ulio bora kuliko yote: kumwondoa Balthazar. Madame na Balthazar wasikutane kamwe. Yeye anajua Kifaransa kizuri, anajua kambi, na ana mdomo. Ukimweka karibu na huyo mama, mambo yote yatashonwa pamoja.

Nimempigia. Nimemwambia sherehe ya kumpokea mgeni ni kesho saa sita, Penrith, kando ya mto, si Toongabbie. Akanishuku. Aliuliza nani atapika. Nikasema samaki wa kuchoma, mkubwa, na ndizi. Akalainika. Akasema, "Mwalimu, ukifa nitakusema vizuri." Akauliza lini hasa, maana ana harusi mwezi wa saba.

Picha yangu ya kambini, ile niliyopigwa nikiwa na koti siku ya usaili, imerudi chumbani kwangu. Huwa naificha huko kila Balthazar anapotishia kuja. Koti limo kabatini. Nje ya nyumba hii halijawahi kutoka.

Naona nimefunga kila mlango. Nimelala usingizi wa mchana nikitabasamu.


Jumamosi, 10 Mei

Madame Odile alikataa kupokelewa uwanja wa ndege. Akasema anaweza kupanda treni. Akapanda. Akasinzia. Akapitiliza Toongabbie, akaamshwa na baridi ya mlango ukifunguka, akashuka St Marys.

Na nani alikuwa amesimama St Marys, amevaa suti, akingoja treni ya kwenda Penrith kula samaki asiyekuwepo? Nani aliyempeleka pale? Mimi! Kwa akili zangu mwenyewe!

Walifika wameshikana mikono kama maharusi. Balthazar akiburuza begi lake, akiongea Kifaransa kile cha Mapadri, chenye tai. Ukoo ulikuwa umejipanga uani kwa fulana za njano, mbwa thelathini na wanne wakiomba mkate. Madame akaziba mdomo kwa mkono. Balthazar akanitafuta kwa macho, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Mwalimu, nilikuwa naelekea Penrith. Mungu akanigeuza. Yule samaki kaogelea mpaka huku?"

Nikashika kifua. Nikaomba kulala.

Chumbani nikapumua. Sebuleni nilimsikia Balthazar akimuuliza Goreth, "Binti yangu, hizi sambusa zinaisha zenyewe au kuna mtu anazila?" Goreth akamjibu kwamba huyo mtu anamwona, amevaa suti. Sawa, nikawaza, watakula, mama atachoka na safari, nitaamka wakiwa wameondoka.

Mlango ukafunguka. Madame Odile. Mdogo, nywele nyeupe, raba nyekundu miguuni. Akafunga mlango nyuma yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, akaanza kuniambia kwa Kifaransa cha taratibu jinsi alivyofurahi. Kisha akauachia mkono wangu. Alikuwa anatazama ukutani.

Picha!

Ndiyo. Nilimficha Balthazar picha kwa kuileta mahali pekee ambapo mgeni angekuja kuniona.

Aliinuka, akaisogelea mpaka pua ikagusa kioo. Akauliza kama kifungo cha tatu kilikuwa cha ngozi, na vingine vya plastiki. Kilikuwa cha ngozi. Akasema anakijua, alikishona yeye, vibaya, kwa sababu hakuwahi kujua kushona. Lilikuwa koti la baba yake. Baba alimalizia siku zake katika nyumba ya wazee. Masista wa pale walishona jina kwenye kila nguo. Alipofariki, nguo zake zilipelekwa parokiani, zikafungwa marobota, zikaenda zinakoenda.

Nikafungua kabati. Nikampa koti. Nikaungama yote kwa pumzi moja: ofisa, foleni, kola, kaka, piano. Nilisubiri anipige. Mama wa Kifaransa aliyeruka nusu ya dunia ana haki ya kumpiga mtu.

Akacheka! Akacheka mpaka kitanda kikalia. Akasema baba yake alikuwa mwoga wa safari, hakuwahi kutoka bondeni kwao, alipanda treni mara moja akashuka kituo kilichofuata. Na tazama koti! Akasema pia kwamba hakuna kabaila hata mmoja. Tournevigne walikuwa vibarua wa kufunga mizabibu ya watu wengine, kijiji kimoja, nyumba chache, mvua na matope. Vita vilichukua wavulana, mji ukachukua wasichana, na jina likabaki na yeye. Alikuwa amezoea kulifikiria kama duka: yeye ndiye wa mwisho, atazima taa, atafunga. Sasa amekuta uani watu wamejaa, wanapiga kelele, wana mbwa kifuani, na mmoja wao ana mimba.

Akasema hatamwambia mtu. Historia ya piano ni nzuri, akasema, isipokuwa vinara amevitilia shaka.

Nilikuwa nimeokoka! Ningeweza kuruka. Kisha akaniomba jambo moja tu. Alitaka kujua nani alinipa koti lile. Huyo, alisema, ndiye mtu ambaye baba yake angependa kumshika mkono. Kama yu hai, angependa kumshukuru mwenyewe, hata kama yuko mbali.

Sebuleni sauti ilikuwa inaendelea: redio, jogoo...

Nikafumba macho. Nikamwambia kwamba mtu huyo alikwisha kufariki. Mungu amrehemu. Alikuwa mkarimu sana.

Akaniuliza jina lake. Nikasema lilikuwa refu.

Madame Odile akapiga ishara ya msalaba, akainamisha kichwa, akamwombea marehemu. Aliomba kwa muda mrefu. Nikajibu amina huku nikisikia sebuleni mtu akiomba chai, yenye maziwa mengi, na kama kuna sambusa iliyojificha.


Jumapili, 11 Mei

Misa ya Kiswahili. Nilikwenda kwa kiti cha magurudumu, na fulana ya njano chini ya koti la mvua.

Balthazar alikuwa tayari na maikrofoni kabla Padri hajaketi. Akamtambulisha Madame kama mgeni "niliyemgundua mimi, kituoni". Akaeleza ukoo wa Tournevigne kwa kirefu. Ameongeza kwamba piano haikuzama. Inasemekana bado inasikika ziwani usiku wa mvua. Nilikasirika. Hiyo ni yangu! Kwa nini sikuifikiria?

Kisha Madame akasimama na kuomba sala, kwa ajili ya marehemu mmoja asiyejulikana ambaye zamani alimtendea baba yake wema bila kumjua. Balthazar akatafsiri. Sauti ikamtetemeka. Akasema sala hiyo ataiongoza yeye mwenyewe. Akaiongoza. Machozi yalimtoka. Akamwombea mtu huyo mwema raha ya milele, mwanga usio na mwisho, na ukumbusho kwa watu wote aliowalisha na kuwavika.

Nilikohoa mpaka Irankunda akanitoa nje.

Baadaye mlangoni, Balthazar alinipigapiga mgongo. Akasema laiti kambini tungekuwa na watu kama yule marehemu. "Mwalimu, sisi tulikuwa tunaibiana hata jogoo." Nikampa pole.


Jumanne, 13 Mei

Nimehamia Penrith jana. Chumba kizuri, dirisha linaonyesha milima ya bluu, ambayo kwa kweli ni ya bluu. Nguo zangu zote zinajua jina langu kuliko mimi.

Madame Odile alikuja kuaga. Nilimpa koti alichukue. Akakataa. Akaomba mkasi wa Irankunda, akachana uzi wa kile kitambaa cha kola, taratibu, akakiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Kisha akachukua kitambaa kipya kutoka kwenye msokoto wangu, akakishona palepale pa zamani. Vibaya. Akasema sasa koti ni langu kihalali.

Neno hilo, kihalali, lilinikaa kooni siku nzima kama dawa iliyomezwa bila maji.

Aliniuliza mara ya mwisho kama nimelikumbuka jina la yule marehemu. Nikasema moyo wangu, kumbukumbu yangu. Akanibusu mashavuni. Amesema mtoto wa Irankunda akizaliwa atarudi.


Jumapili, 18 Mei

Afya nzuri kupita kiasi. Nimekula uji mara mbili.

Hapa mezani nakaa na mzee mmoja Mmalta na mama wa Kireno. Jepchumba, Mkenya anayetuhudumia, amesoma jina kwenye sweta yangu akaniuliza ni la wapi. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli, nalikumbuka vizuri azimio hilo. Nikasema ni jina la Kifaransa, adimu sana, la wenye bonde zima la mizabibu. Piano zilikuwa mbili. Moja haikuzama, inasikika ziwani usiku wa mvua. Yule Mmalta aliacha kutafuna.

Mchana alikuja Balthazar. Aliniletea mapera, akayala mengi. Alikuwa na kijitabu: anaandaa maneno ya mazishi yangu, hataki kubahatisha. Akaniuliza jambo moja zuri la kweli ambalo watu hawalijui kunihusu. Nikafikiri sana. Nikamwambia aseme nilikuwa mwaminifu. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Akasema atalisema hilo mwanzo kabisa, kabla watu hawajachoka. Akanikumbusha kwamba yeye ana marafiki wengi, lakini rafiki wa kambini ni mmoja. Macho yangu yaliwasha. Mapera haya yana chumvi gani?

Nikafungua mdomo nimwambie. Kweli, nilifungua. Ikatoka: pole kwa jogoo.

Ameondoka kuwahi treni ya saa kumi, na amesahau sweta yake kitini. Ya sufu. Ya kijivu, vifungo vizuri, haijapauka mahali popote. Hapa ni mahali pa utaratibu: nguo isiyo na jina huvaliwa na mwingine, na msokoto wangu una vitambaa vingi. Nimemwomba Jepchumba pasi. Amebandika bila kuuliza. TOURNEVIGNE, herufi nyekundu, imenyooka kuliko ile ya Madame. Nimeivaa. Inanikaa mabegani kama ilikuwa inanisubiri.

Ukoo sasa una sweta.

Basi niseme lililobaki, kwa kuwa nina joto na niko peke yangu. Jogoo simjui. Redio siijui. Sufuria yenye mfuniko, Mungu ni shahidi, siijui. Lakini siku moja kabla ya usaili nilimwomba rafiki aniazime kitu cha kuvaa, nisipigwe picha nikiwa na shati lililoliwa na panya. Aliniazima, bila yeye mwenyewe kuwahi kusoma nyuma ya kola. Baada ya picha nilikunja vizuri, nikaweka chini ya godoro, nikaenda kumwambia kwamba wezi wamelianua kwenye kamba. Alilitafuta kambi nzima, na mimi nilimsaidia kutafuta.

Koti lilikuwa la Balthazar.